Nani Alimfukuza Frank Solich?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya makocha wa vyuo wanavyofukuzwa na kelele zinazofuata. Wengi wenu mnasoma huku huku Marekani, mnajua Novemba inavyokuwa: timu ya mpira wa Kimarekani ikipoteza mechi mbili mfululizo, chuo kizima hakilali. Kwa hiyo sitaeleza kwamba jambo hili ni zito. Nitazungumzia chuo kimoja tu, Chuo Kikuu cha Nebraska, kwa sababu niliishi Lincoln, mji kilipo chuo hicho, na nikafanya kazi na watu ambao jambo hili lilikuwa limewakaa rohoni.

Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2022, saa saba mchana, tulikuwa kwenye chumba cha kulia kazini. Jumapili yake kocha mkuu Scott Frost alikuwa amemwaga unga. Jumamosi timu ilipigwa na Georgia Southern 45 kwa 42, tena nyumbani, na alama zilizowamaliza ziliingia ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Mezani tulikuwa wanane na kila mtu ana kocha wake. Huyu anataka kijana, yule anataka mtu aliyefundisha timu za kulipwa, mwingine bado anataka mtoto wa nyumbani. Mzee mmoja mwenye jaketi jekundu, aliyerithi tikiti zake za msimu kwa marehemu baba yake, alikuwa anakula kimya. Nikamuuliza, "Na wewe mzee, unamtaka nani?"

Akaniambia, "Mimi nisiulizwe. Mimi ndiye niliyemfukuza Solich."

Frank Solich alicheza Nebraska miaka ya 1960, kisha akawa msaidizi wa Tom Osborne kwa misimu 19. Osborne ni jina linalotajwa kwa heshima kubwa kule: misimu 25, ushindi wa mechi 255, kupoteza 49, sare 3, na ubingwa wa taifa mara tatu katika misimu yake minne ya mwisho. Alipostaafu, Solich akarithi kiti. Fikirini kukalia kiti hicho! Mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa ligi yao. Msimu wa 2001 akafika mechi ya kuamua bingwa wa taifa, akafungwa na Miami 37 kwa 14. Mwaka 2002 akashinda saba na kupoteza saba, na watu wakaona dunia imepinduka. Mwaka 2003 akainuka tena: kashinda tisa, kapoteza tatu. Tarehe 28 Novemba aliifunga Colorado. Kesho yake akafukuzwa.

Mkurugenzi wa michezo wa wakati ule alisema hataki timu iteremke ikawa ya kawaida. Mashabiki waligawanyika, na wengi waliunga mkono. Yule mzee alikuwa ameandika barua chuoni, ukurasa mmoja uliopigwa chapa, akidai kocha aondoke. Nakala yake alikuwa bado anayo.

Nikamuuliza kosa la Solich lilikuwa nini hasa. Akavuta kichupa cha chumvi, kichupa cha pilipili manga na kizibo cha soda. Chumvi, akasema, ndiye kwotabeki, yule anayeshika mpira mwanzo wa kila shambulio. Pilipili ni mwenzake anayekimbia nyuma yake kidogo, pembeni. Kizibo ni beki wa upande wa pili, ambaye anaachwa makusudi bila mtu wa kumzuia. Akaanza kuvisogeza juu ya meza. Chumvi inakimbia kando huku inamtazama kizibo. Kizibo akiifuata chumvi, mpira unatupwa kwa pilipili. Akimfuata pilipili, chumvi inapita nao yenyewe. "Yeyote atakayemchagua, amekosea," mzee akasema. "Sisi tulikula kwa mchezo huu miaka na miaka. Siku tulipoanza kufungwa, tukasema umepitwa na wakati."

Hapa ndipo nilipo mimi, ndugu zangu. Mashabiki wakibishana juu ya kocha hutaja majina tu, kana kwamba anabadilishwa dereva na gari ni lile lile. Kumbe kocha wa chuo hubeba ufundi mzima: ni vijana gani wa kutafutwa, wa kijiji gani, wana miili ya namna gani, wanafunzwa nini tangu mwaka wa kwanza. Ukimtoa, unatoa na vile vichupa.

Chuo kilitafuta mrithi kwa wiki zaidi ya tano, mwishowe akaja Bill Callahan. Hakuwa mtu mdogo, aliwahi kuifikisha timu ya kulipwa ya Oakland Raiders kwenye Super Bowl, fainali ya timu za kulipwa. Lakini mchezo wake ulikuwa wa pasi ndefu na fupi, na aliowakuta walikuwa vijana waliosajiliwa kwa ajili ya kukimbia na mpira. Msimu wake wa kwanza, 2004, alishinda mechi tano na kupoteza sita. Haikuwahi kutokea tangu 1961 msimu wa kupoteza zaidi ya kushinda. Mwaka 2007 Kansas iliwatia alama 76. Sabini na sita! Akaondoka naye, ushindi 27 kwa kupoteza 22. Wazee wetu walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao, na kule msala ulipita kweli.

Walijifunza? Bo Pelini, aliyekuja baada ya Callahan, alishinda mechi tisa au kumi kila msimu kwa miaka saba, akafukuzwa 2014. Aliyemfuata alishinda 19 na kupoteza 19.

Sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Frost alistahili kuondoka, tena mapema zaidi. Kwake kosa lilikuwa kinyume: alipendwa mno. Mtoto wa Nebraska, kwotabeki wa timu ya 1997 ambayo haikufungwa hata mechi moja. Mwaka 2021 alipoteza mechi tisa kati ya kumi na mbili, na kwa kuwa kila moja aliipoteza kwa alama zisizofika kumi, watu wakasema, bado kidogo tu. Alimaliza na ushindi 16 na kupoteza 31. Solich, kwa misimu sita, alikuwa na 58 kwa 19. Mmoja alivumiliwa kwa mapenzi, mwingine hakuvumiliwa kwa kiburi.

Mezani siku ile walibishana sana juu ya fedha. Fidia ya Frost ya kuvunjiwa mkataba ilikuwa dola milioni 15, na kama chuo kingesubiri hadi tarehe 1 Oktoba ingeshuka kuwa milioni 7.5. Wengi walikasirika. Mimi nilikuwa upande wa chuo, na bado niko huko. Ukishaamua kwamba mtu hafai, huwezi kuwaacha vijana wa miaka 18 na 19 wajigonge chini yake wiki tatu zaidi ili upate nafuu ya bei. Wao ndio wanaoumia magoti.

Solich alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio, akafundisha pale hadi 2021 na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi ya kule. Nebraska haijatwaa tena ubingwa wa ligi tangu ule wake wa 1999.

Aprili 2024, siku ya mechi ya mazoezi, Solich alirudi kwenye uwanja wa Lincoln kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe. Yule mzee alinipigia simu jioni. Aliniambia alisimama, akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma, na kwamba alikuwa amekwenda na nakala ya ile barua kwenye mfuko wa jaketi. Hakujua aliibeba ya nini. Nikamuuliza ameifanyia nini.

"Bado iko mfukoni," akasema.