Fungu moja la uzi, na viti viwili

Hamjambo akina mama. Na nyinyi wazee wawili mliojibanza kule mlangoni, sogeeni mbele. Hakuna atakayewalazimisha kushika sindano leo.

Nimeleta vitu vitatu, nimevifuma kwa uzi niliotia rangi mwenyewe. Cha kwanza ni hii boshori. Kabla haijaanza kuzungushwa, itazameni hapa nilipoishika. Upande mmoja ni manjano, upande wa pili ni kijani cha zeituni, na mpaka wa rangi hizo mbili unapanda mshazari kutoka sikioni mpaka utosini, kama nyoka anayekwea mti. Cha pili ni skafu. Rangi ni zilezile, lakini hakuna nyoka humu, ni mistari myembamba inayopishana. Cha tatu ni shali. Hapa shingoni rangi zimelala tabaka nene, halafu kadiri inavyoteremka zinakatikakatika, na huku ukingoni ni vipande vifupi tu kama mvua iliyochorwa na mtoto.

Vyote vitatu vimetoka kwenye sufuria moja. Kila nikivivaa naulizwa nilitumia rangi ngapi. Nilitumia mbili. Hata namna ya kuutia uzi rangi sikubadilisha. Kilichobadilika nitakieleza, ila lazima tupitie jikoni kwanza.

Jikoni kwangu mimi kulianza na aibu. Mara ya kwanza nilinunua uzi mweupe wa dukani, ule laini unaong'aa, nikauchemsha saa nzima pamoja na maganda ya vitunguu. Maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, nikashangilia. Nilipousuza, rangi yote ikaenda na maji, uzi ukabaki mweupe vilevile, pengine mweupe zaidi. Nikarudia. Nikamlaumu muuza vitunguu. Kumbe ule uzi ni akriliki, plastiki iliyotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na rangi ya majani haina pa kushika pale. Sufu ya kondoo ni kama nywele zetu, ni protini, nayo hunywa rangi. Na tafadhali, ni sufu, si sufi. Sufi ni ile ya msufi, ya kujazia mito. Ukimwagiza kijana sufi atakuletea gunia la sufi, na hutakuwa na haki ya kumgombeza.

Kwa boshori natafuta sufu ya kondoo wa aina ya Merino, kwa sababu inakaa kwenye paji la uso na watoto hawavumilii kitu kinachowasha. Kwa shali natumia ya aina nyingine ya kondoo, Corriedale. Si laini vile, lakini inastahimili kuvutwa, kukaliwa, na kumbeba mjukuu.

Rangi yenyewe inaota bure shambani kwenu. Mubangi, lile gugu! Naona mnacheka. Ndiyo, huo huo mnaoung'oa kwenye mahindi mkiulaani, huo ambao ng'ombe akiula maziwa yananuka. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini huku nyanda za juu umejifanya mwenyeji kutushinda sisi. Ukiuchuma ukiwa na maua, majani na vyote, ukauchemsha saa moja na kuuchuja, unapata manjano ambayo sijaona duka likiiuza.

Lakini manjano hiyo haitakaa bila shabu. Mnaijua shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, ambayo wazee hupaka kidevuni baada ya kunyoa. Gramu 10 hadi 12 za shabu kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Pimeni kwa mizani, msipime kwa kiganja, maana ikizidi, uzi unanata. Iyeyushe kwenye maji ya moto, ongeza maji ya kutosha, tia uzi uliokwisha kulowa, pandisha moto polepole mpaka nyuzi 80 hivi, ukae saa moja. (Lugha yetu ina mzaha wake, nyuzi za kupima na nyuzi za kufumia ziko sufuria moja.) Ndipo uuhamishie kwenye maji ya mubangi, saa nyingine, moto uleule. Usiache yatokote. Na usiutoe uzi kwenye maji ya moto ukautupa kwenye ya baridi, wala usiukoroge kama uji. Sufu ina magamba madogo. Ikishtuliwa na kusuguliwa, magamba yanashikana, na unachoanika baadaye ni kipande cha blanketi.

Zeituni je? Hiyo ni kutu. Misumari mikuukuu ndani ya siki, wiki mbili, kwenye chupa isiyofungwa sana. Kijiko kimoja au viwili vya maji yake kwenye ndoo ya maji ya moto, kisha unachovya uzi wa manjano, nusu tu ya fungu, nusu nyingine ukiining'iniza nje. Unageuka mbele ya macho yako. Lakini msizidishe, chuma kingi kinaifanya sufu iwe kavu na ikatike.

Mama mmoja aliniambia hii kazi ni ya wazungu. Nikamuuliza mikeka ya Pwani ilipata wapi rangi. Wanawake wa Lamu na Unguja walichemsha ukindu pamoja na mmea wa mdaa ukawa mweusi kabla bibi yangu hajazaliwa. Tuliyasahau kwa sababu rangi za unga ni rahisi. Na hizo zenyewe zilianzia kwenye malaria, kama hamjui. Mwaka 1856 huko London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini. Dawa hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa zambarau. Akafungua kiwanda. Mimi sizichukii rangi za unga, kuna siku nazitumia. Lakini manjano ya binzari nawakataza, hata kama mpishi wenu anaisifu. Jua la wiki mbili tu linaifuta.

Sasa turudi kwa nyoka.

Kabla ya kuutia rangi, uzi huzungushwa uwe duara, ufungwe sehemu nne ili usijisokote. Mimi huzungushia kwenye migongo ya viti viwili. Viti vyangu huviweka umbali ambao mzunguko mmoja ni sentimita 150. Nikichovya nusu, napata sentimita 75 za manjano, 75 za zeituni, tena 75 za manjano, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi. Shikeni hiyo.

Sindano nazo zina hesabu yake. Kwa mfumo wa kawaida, mstari hula uzi karibu mara tatu ya upana wake. Boshori hii ina sentimita 50 kuzunguka kichwa, kwa hiyo mzunguko mmoja wa boshori unakula sentimita 150. Mnaona? Sawasawa na viti vyangu! Manjano inarudi juu ya manjano, zeituni juu ya zeituni. Na kwa kuwa mkono wangu si mashine, kila mzunguko unapitiliza kidogo, ndipo nyoka anakwea. Skafu ya sentimita 20 inakula 60 tu kwa mstari, basi kila rangi inamaliza mstari mmoja na robo kisha inampisha mwenzake. Shali naianzia shingoni kwa vitanzi vichache, mstari unakula sentimita 10, na rangi moja inafunika mistari saba kabla ya kuisha. Mwishoni mstari una upana wa mita moja na nusu, unakula mita nne na nusu, na rangi zinagawana mara sita. Ndiyo ile mvua.

Kwa hiyo msianze na picha ya kwenye simu. Upimeni uzi kwanza. Asiyetaka nyoka afume kwa mafungu mawili kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule. Hiyo pia itamwokoa mwenye mafungu yasiyofanana, maana mubangi wa masika na wa kiangazi hautoi manjano moja. Nina shali nyumbani yenye mstari katikati ya mgongo, pale fungu la pili lilipoanza. Huwa naivaa nikiwa nimeegemea ukuta.

Mzee, usiondoke. Hicho kiti ulichokalia, na cha mwenzako, nileteeni hapa mbele. Na nani ana futi ya fundi?