Kidonge cha thairoidi na kengele ya daku

Assalam alaykum, na habari za jioni nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya thairoidi iliyolegea. Kwa kuwa Ramadhani inabisha hodi, nitaelekea kwenye swali ninaloulizwa dukani kila mwaka: "Bi mfamasia, kidonge changu cha asubuhi nakinywaje nikifunga?"

Kwanza shikeni shingo zenu hapa mbele, chini ya kikoromeo. Hapo pana tezi yenye umbo la kipepeo, ndiyo thairoidi yenyewe. Wazee wetu waliitambua pale ilipovimba tu, wakaita rovu. Kazi yake ni kutoa homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, utumbo, joto, hedhi, hata kumbukumbu. Ikilegea, vyote vinajikokota. Unavaa sweta, Tanga hii! Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, hedhi inazidi, nywele zinabaki kwenye kitana. Uchovu wake nao si wa kazi, ule unaoondoka ukilala. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wake: nilikuwa nalala saa kumi nzima naamka kama niliyetwanga usiku kucha. Karibu mwaka nilikunywa dawa za kuongeza damu. Shangazi yangu alikuwa na maoni yake kuhusu jirani mmoja, lakini hayo tuyaache.

Jibu lilitoka kwenye kipimo cha TSH, na hapa watu wengi huchanganyikiwa: namba ikipanda, tezi ndiyo imeshuka. Fikirieni mama anayemwita mtoto. Asipoitika, mama anapaza sauti. TSH ni sauti ya mama, inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na mtoto ni thairoidi. Maabara nyingi huona kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Mtoto akiitika, yaani homoni zikitosha, kelele zinapungua zenyewe.

Kwa nini tezi ilegee? Wengi mtaniambia ni madini joto, na si uongo. Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini hayo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na ndiyo sababu yanatiwa kwenye chumvi. Kule Nyanda za Juu Kusini rovu lilikuwa jambo la kila kijiji kabla ya chumvi hiyo. Lakini mahali ambapo chumvi hiyo inatumika, sababu kubwa ni kinga ya mwili kuigeukia tezi yake yenyewe. Daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1912 na yamebaki na jina lake. Mgonjwa wa namna hii ukimrundikia madini joto humsaidii, na unaweza kumharibia zaidi. Nalisema hili kwa sababu ya unga wa mwani unaouzwa siku hizi kama dawa ya thairoidi. Mwani wa Zanzibar ni riziki ya akina mama wengi, na sabuni yake naitumia. Kuunywa kwa vijiko ili kuponya tezi, hapana; madini joto ndani ya mwani hayana kiwango kimoja, hujui umekunywa kiasi gani.

Dawa yenyewe inaitwa levothairoksini. Ni homoni ileile tezi yako ingetoa. Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Sisi tuna kidonge kidogo. Taabu ni kwamba kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kahawa inakizuia. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vinakizuia zaidi, viachanishe kwa saa nne.

Kingine, dawa hii haikuadhibu siku hiyohiyo. Nusu yake inabaki mwilini kwa wiki nzima. Ukiacha leo, kesho hujambo, kesho kutwa hujambo, unasema kumbe nimepona. Wiki kadhaa baadaye sweta linatoka kabatini. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, na duka la dawa ni langu!

Sasa Ramadhani. Njia ni tatu. Ya kwanza, fungua kwa maji na kidonge, kisha subiri nusu saa. Sala ya Magharibi haifiki nusu saa, kwa hiyo dakika zinazobaki utatazamana na sambusa. Ya pili, unywe wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula. Inawafaa wasiorudi jikoni baada ya tarawehe. Ya tatu ndiyo yangu: kidonge na kikombe cha maji kando ya kitanda, kengele saa tisa usiku, nameza, najilaza, naamka daku saa kumi na robo. Chagua unayoiweza mwezi mzima. Usibadilishe kipimo cha dawa mwenyewe, na ukibadilishiwa na daktari, rudi kupima TSH baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo namba haijatulia. Na kama unatumia vidonge vya bayotini kwa ajili ya nywele, viache siku mbili kabla ya kupima, maana vinaweza kuyapotosha majibu.

Mabinti mlioolewa, hili si la kusubiri Ramadhani. Ukikosa hedhi na unakunywa dawa hii, nenda kliniki wiki hiyohiyo. Miezi ya mwanzo mtoto anategemea homoni zako kujenga ubongo wake, na mara nyingi daktari ataongeza dozi kwa robo au zaidi. Huko kliniki utapewa na vidonge vya chuma. Mnakumbuka saa nne? Basi cha thairoidi alfajiri, cha chuma baada ya chakula cha mchana.

Naona mkono wa mzee pale nyuma. Ndiyo baba, wanaume pia wanaupata. Karibu, uliza.