Trauti wa Kahawia na Kuta Zisizopigwa Picha

Ndugu mwenyekiti, ahsante. Nimeombwa nizungumzie trauti wa kahawia, na mlionisikia kabla mnajua nitaanzia wapi: kwenye changarawe. Wenye haraka mtanivumilia.

Huyu ni samaki wa vijito baridi vya Ulaya, kuanzia Norwei hadi Balkani. Umbo lake mnalijua, naliacha. Majira ya baridi yakikaribia, jike hupanda mto akitafuta mahali maji yanapokimbia juu ya mawe madogo. Hulala ubavu, akapiga mkia chini kwa nguvu mpaka shimo linapatikana. Hutaga, dume humwaga mbegu papo hapo, kisha jike husogea mbele kidogo dhidi ya mkondo na kuchimba tena. Changarawe inayong'oka huko husukumwa na maji ikayafukia mayai. Basi. Haatamii wala halindi. Kazi iliyobaki ni ya maji, yanayopenya kati ya mawe kupeleka oksijeni miezi yote ya baridi. Hata mayai yakianguliwa, vifaranga hubaki humo chini kwa wiki kadhaa, wakila kiini walichozaliwa nacho.

Sasa leteni tope. Tope laini tu, la shamba lililolimwa mpaka ukingoni, litue juu ya changarawe ile. Mawe yapo, mayai yapo, maji yanapita juu yaking'aa. Chini, mayai yanakosa pumzi. Anakuja mtaalamu na chupa yake, anachota, anapima, anaandika kwamba mto una afya. Jamani! Trauti anazaliwa ndani ya chupa?

Na tope hutua wapi zaidi? Nyuma ya ukuta uliojengwa kukatiza mto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mito ya Ulaya ina vizuizi visivyopungua milioni 1.2, na asilimia 68 havifiki hata kimo cha mita 2. Vingine ni vya vinu vya nafaka ambavyo havijasaga chochote kwa vizazi. Ufaransa ilipoanza kubomoa bwawa la Vezins kwenye mto Sélune mwaka 2019, ukuta wa mita 36, kamera zilijaa. Vyema sana. Ukuta wa mita moja kijijini nani anaupiga picha?

Kuna mtu hapo nyuma anatikisa kichwa: trauti si anaruka? Anaruka, akiwa mkubwa, na akipata kina cha maji cha kujirushia. Mwenye urefu wa kiganja haruki. Na aliyefaulu anakuta huko juu maji yamelala na changarawe imefukiwa. Atage wapi?

Mwingine atasema: "Tumwage mtoni vifaranga wa kufugwa." Mmwage kila mwaka, mto usiolea mayai hautashiba vifaranga. Tena kaulizeni Slovenia, kwenye mto Soča: trauti wa kahawia waliopandikizwa walizaana na trauti marumaru, samaki wa asili wa pale, nusura wamfute.

Naoneshwa saa. Joto la maji nilikuwa nimelitengea muda mrefu. Chukueni hili tu, kwamba yakikaribia nyuzi 25 anakufa, kwa hiyo acheni kukata miti ya ukingoni.

Na mto Gura, maana Wakenya hawakosi kuniuliza: ndiyo, aliletwa humo, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905, na ndiyo, yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Huo ni mhadhara wa siku nyingine. Maswali sasa, ila la kuruka nimeshalijibu.