Meno ya tairi yasikudanganye

Asalam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu, wazee wangu shikamooni. Nimekuja na tairi, hili hapa nimeliegemeza kwenye meza, na kabla sijaanza naomba dada uliyekaa mbele uje ulishike. Haya, unalionaje? Anasema zuri, meno yamejaa. Na mimi ndo nilivyosema siku nilipolinunua.

Hili ni pacha wa lile lililonipasukia kati ya Segera na Muheza, nyuma kushoto, mwezi wa pili mwaka 2021, saa nane mchana na jua letu mnalijua. Nimebeba watu saba na magunia ya machungwa, gari likaanza kuyumba huku na huku, Mungu akasaidia mbele hakukuwa na lori. Hakuna aliyeumia, ila kulikuwa na mama mmoja mjamzito, alishuka anatetemeka nikashindwa hata kumtazama usoni. Toka siku ile ndo nimejifunza kusoma tairi, kabla ya hapo nilikuwa naangalia meno na bei basi.

Sasa tulisome. Hapa ubavuni tafuta herufi DOT, zifuate mpaka mwisho utakuta tarakimu nne. Hili limeandikwa 3409, yani wiki ya 34 ya mwaka 2009. Mimi nimelinunua mwanzoni mwa 2021, lishavuka miaka 11! Raba inazeeka hata likikaa stoo halitembei, inakauka, inapasuka vipasuko vidogo vidogo, na meno hayakuambii chochote kuhusu hilo. Kampuni nyingi za tairi zinashauri baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana zima. Mimi kwa joto la hapa kwetu sivuki 6. Na muwe macho, hizo tarakimu mara nyingi zipo upande mmoja tu, likishafungwa kwenye ringi zinaweza kuangalia ndani, kwahiyo mwambie fundi akugeuzie kabla hajafunga, akikataa ondoka.

Sijamaliza na hili. Soma hapa: STUDLESS. Hili ni tairi la theluji jamani, la kule Japani wakati wa baridi. Raba yake imetengenezwa ibaki laini barafu ikitanda, ndo maana ukilikanyagisha lami ya Tanga saa nane linakuwa kama ubani unaotafunwa, linaisha haraka, kona linalegea, breki hazishiki inavyotakiwa. Magari yetu mengi yanashuka melini na tairi hizi na mtu anafurahi kabisa kwamba gari limekuja na tairi mpya. Ukiona neno hilo, au kialama cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, au meno yamechanjwa chanjwa vimistari vyembamba kama vya wembe, hilo siyo la huku.

Twende kwenye mzigo, hapa ndo panauma zaidi kwetu tunaobeba abiria. Tairi likiandikwa 195/65R15 91H, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 15 ni ringi, H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa ambao wewe huendi. Inayotuhusu ni 91, maana yake kilo 615 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. Tairi nne ni kilo 2,460. Tuseme gari lina tani moja na nusu, weka watu nane na dereva humo humo kilo 520, ongeza magunia manne ya machungwa ya Muheza kilo 400, umeshafika 2,420, na machungwa yote yamekaa nyuma kwahiyo tairi za nyuma zimeshazidiwa zamani. Afu mtu anakuuzia 88, kilo 560, anakwambia saizi ni ile ile. Siyo ile ile!

Upepo. Kuna watu humu wanapunguza upepo kipindi cha joto wakiogopa tairi lisipasuke, nawaomba muache. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapozunguka, kule kujikunja ndo kunakozalisha joto, na joto ndo linalopasua. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika imeandikwa kiasi, pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Ile namba ya upepo ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, siyo ya kujazia. Na nyie wa Raskazoni na Sahare, upepo ukipungua kila wiki bila pancha angalia ringi, chumvi ya bahari inakula pale tairi linapokaa.

Mvua za masika: ndani ya mifereji ya meno kuna vituta vidogo, meno yakilingana navyo zimebaki milimita 1.6, tairi limekwisha, maji hayana pa kupita na gari linaelea. Lililochongwa meno upya usilisogelee.

Kaka pale anauliza, hela ni ya tairi mbili tu, afunge wapi? Nyuma, hata kama gari linavutwa na za mbele. Za mbele zikiteleza unasikia usukani umekuwa mwepesi, unapunguza mwendo, linarudi. Za nyuma zikiteleza gari linageuka lenyewe, na zile kona za Mombo kupanda Lushoto hazina nafasi ya kugeukia.

Nina tochi na geji hapa. Twendeni nje, tuanze na ile Noah nyeupe, mwenyewe ashike tochi asome tarakimu kwa sauti.