Kutengeneza Miksi ya Rock ya Dar Enzi za Bugi

Haya jamani, asanteni kwa kuja, mliosimama mlangoni ingieni tu, viti bado vipo huku mbele. Nimeombwa niongelee namna ya kutengeneza miksi, yani nyimbo zilizopangwa na kuunganishwa kwa mfululizo, ya rock ya hapa Dar ya miaka ya 70, ile ya magitaa mazito na ogani, na msimamo wangu nausema mapema ili mjue naelekea wapi: ukichukua nyimbo za rock tupu ukazipanga zenyewe kwa zenyewe, hiyo miksi itasikika kama ya mji mwingine. Rock ya Dar ilikuwa inakaa nyumba moja na dansi. Iweke katikati ya dansi ndo utaielewa, na leo nitapiga vipande mjisikilizie wenyewe.

Kwanza mazingira, maana vijana wengi humu hamkuyakuta. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita mavazi ya kigeni, kuanzia Januari 1969 sketi za mini, mawigi na suruali za kubana ikawa vita mjini. Halafu Novemba mwaka huohuo wa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Yani kijana aliyekuwa anapenda gitaa la umeme na sauti za Marekani alikuwa anaangaliwa kwa jicho baya, na bado bugi zikaendelea, yale madansi ya mchana ya vijana, na bendi zake zikaitwa Safari Trippers, Rifters, Sparks, Barkeys, huku bendi za wakubwa zinaitwa Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz. Sasa mtu akiona majina hayo tu anasema aah, hizi dunia mbili, hawa wanaiga wazungu na hawa ndo wenye muziki wetu. Mi napinga kabisa. Marijani Rajabu, jabali la muziki mwenyewe, kabla ya bendi ya dansi ya Dar International alikuwa Safari Trippers! Huwezi kuchora mstari ukamkata mtu huyo katikati.

Na ushahidi mkubwa kwangu ni Sunburst. Hii ndo bendi ambayo miksi yoyote ya rock ya Dar lazima iizunguke, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 70, James Mpungo anaimba, Hembi Flory Kongo kwenye gitaa, Kassim Magati kwenye kinanda. Wakipiga unasikia rock, unasikia soul, unasikia ngoma, vyote kwa pamoja. Sasa angalieni, walikuwa na mtindo wao, wakauita Kitoto. NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Afro 70 ya Patrick Balisidya walikuwa na Afrosa, na Sunburst Kitoto. Bendi za rock za San Francisco kule Marekani za wakati ule hazikuwa na desturi hiyo, hii ni desturi ya dansi la hapa, bendi bila mtindo haijakamilika. Wale vijana na nywele zao na ogani yao walijiona ni bendi ya Dar kama bendi nyingine zote, na sisi tunaowapanga kwenye miksi miaka hamsini baadaye tuwaheshimu kwa hilo.

Ngoja niweke kipande... hapo ni Enzi za Utumwani. Sikilizeni maneno kwanza. Hapo hakuna mambo ya kuruka na maua kichwani, wanaimba historia, wanaimba utumwa, kwenye nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha. Gitaa linalia lakini kichwa kipo nyumbani.

Sasa kazi yenyewe ya miksi. Nchi yetu wakati ule haikuwa na kiwanda cha kukanyagia santuri, kwa hiyo muziki mwingi wa Dar uliishi kwenye tepu za Radio Tanzania, na santuri zilitoka Nairobi. Kwa Sunburst tuna bahati, maana mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilikusanya santuri zao ndogo, rekodi za redio na albamu yao Ave Africa kwenye toleo moja, pateni hilo kwa njia halali. Bendi nyingine utaokoteza, na utakutana na kopi ya kopi ya kopi, na hapo ndo kwenye shughuli. Tepu ikipigwa kwenye mashine inayokimbia kidogo, wimbo mzima unapanda sauti na mwimbaji anakuwa kama katoto. Chukua gitaa lako, tafuta wimbo upo kwenye noti gani, ukikuta upo katikati ya noti mbili kuna uwezekano mkubwa spidi imehama, irudishe taratibu mpaka sauti ya binadamu ikae sawa. Mluzi wa tepu, ile shhh ya nyuma ya muziki, usiufute wote, nawaomba sana, zile programu za kusafisha zinakula matoazi na zinakula pumzi ya mwimbaji, punguza kidogo basi.

Na wale madijei mliozoea kuunganisha biti kwa biti, hapa sahauni. Walikuwa wanarekodi wanapiga wote kwa pamoja, mpiga drams ni mtu, akisisimka anaongeza mwendo, kwa hiyo wimbo unaanza na tempo hii unaisha na nyingine na huo ndo utamu wake. Unganisha kwa noti, au acha wimbo uishe, sekunde moja ya kimya, mwingine uingie. Ila kitu kimoja siwezi kukivumilia ni kukata wimbo wa dansi kabla ya chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka. Watu wanasikia beti mbili taratibu wanadhani wimbo umeisha wanafedi, wanashusha sauti mpaka ipotee, kumbe magitaa matatu ndo yanataka kuanza kuongea! Chemko ndo mahali ambapo dansi na rock vinakutana uso kwa uso, solo inazunguka, besi inashika palepale, watu jasho. Mi napenda kutoa chemko la Western Jazz moja kwa moja kuingia Simba Anguruma ya Sunburst, na nimeona watu wakishindwa kusema wapi bendi moja imeishia.

Jirani naye apewe nafasi. Ave Africa ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi, na nchi hiyo wakati ule ilikuwa inawaka moto wa rock, bendi ya WITCH ipo, bendi ya Amanaz wametoa albamu yao mwaka 1975. Wimbo mmoja wa Amanaz ukikaa kabla ya vile vya Ave Africa unasaidia, msikilizaji anasikia hewa ambayo Sunburst waliikuta kule. Mmoja unatosha, miksi ni ya Dar.

Majina ya wapigaji yaandikwe yote, mpiga besi, mpiga drams, wote, si mwimbaji peke yake.

Na kama nyumbani kwa babu au bibi kuna santuri, zisimamisheni, msizilaze moja juu ya nyingine, joto la hapa linazipinda na unyevu wa pwani unaleta ukungu. Osheni kwa maji safi na tone la sabuni laini, karatasi ya katikati isilowe, zikaukie kivulini kabla ya kugusa sindano. Msizirushie kwenye simu kwa kuweka simu mbele ya spika. Njooni nazo, mashine ninayo, tutarekodi vizuri na santuri utarudi nayo kwenu na faili lake juu.

Haya, maswali, nani ana swali.