Mjusi, Punje ya Mchanga na Ndoo ya Lita 20

Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Korongo la mchanga wakati wa kiangazi, hapa Dodoma, wengi huliona kama shehena inayosubiri tipa. Leo tulitazame kama nyumba.

Mfano uliochunguzwa sana uko mbali, New Mexico na Texas, Marekani. Huko yupo mjusi mdogo, Sceloporus arenicolus, ambaye mwili wake bila mkia haufiki sentimita 8. Makazi yake ni vilima vya mchanga vilivyoshikwa na mwaloni mfupi, mti ambao sehemu yake kubwa imo ardhini. Upepo huchimba mabakuli katikati ya mialoni, na humo ndimo anamoishi: huota jua ukingoni, joto likizidi huingia kivulini, akitishwa huzama mchangani.

Ila hazami popote. Mchanga laini mno hujibana, hewa haipenyi, na aliyejifukia lazima apumue. Mayai nayo vilevile. Ndiyo maana hupatikana zaidi penye punje kubwa.

Anapunguaje? Visima vya mafuta vyenyewe huchukua eneo dogo, lakini kila kisima huja na barabara yake, na barabara hukata makazi vipandevipande. Visima vikifika 13 kwa maili ya mraba, yaani kama 5 kwa kilomita ya mraba, makazi huhesabiwa yameharibika. Wafugaji nao walipiga dawa kuua mwaloni ili nyasi zistawi. Mwaloni ukifa, kilima hulegea, upepo hukisawazisha, mabakuli hufutika. Mchanga unabaki, nyumba haipo. Mwaka 2024 mjusi huyu aliwekwa rasmi kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Tusiwapachike mijusi wetu tabia za mgeni. (Hata Agama dodomae, mwenye jina la mji huu, ni wa majabali.) Swali ndilo la kuazima: je, mijusi wetu nao wanahitaji punje kubwa? Tuulize, kwa sababu fundi wa zege naye anazitaka hizohizo.

Basi pimeni. Chimba sentimita 30, kausha mchanga, pima gramu 500, upitishe kwenye chekeche la tundu la milimita 0.25, kisha pima uliopita: huo ndio mchanga laini. Chekeche la unga halifai, matundu yake ni makubwa.

Ili kunasa na kuhesabu mijusi, fukia ndoo nne za lita 20, mdomo sawa na ardhi: moja katikati, tatu kwenye ncha za mikono ya mita 10. Unganisha kwa uzio wa nailoni nzito wa sentimita 40, 10 kati ya hizo zikiwa ardhini, upite juu ya mdomo wa kila ndoo. Toboa matundu kitakoni, weka kigae cha kivuli. Mdomo wa ndoo ukijitokeza hata sentimita moja, mjusi anauzunguka. Upepo huufukua kila siku, kwa hiyo sawazisha kila ukaguzi. Kagua saa 1 asubuhi, tena kabla ya saa 5, la sivyo utaokota mizoga. Siafu wakiingia, hamisha mtego siku hiyohiyo. Mjusi kafiri hupanda ukuta wa ndoo akatoka, kwa hiyo kumkosa humo si ushahidi. Mtafute usiku kwa tochi.

Masika usitege katikati ya korongo, maji hushuka ghafla. Tega kingoni, na korongo lililochimbwa ulilinganishe na lisilochimbwa wiki ileile. Ukilinganisha la Machi na la Agosti, utakuwa umepima majira tu.