Pindua Chungu Kwanza

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: kwenye tundu. Kabla hujaniuliza kwa nini majani yamekuwa ya njano, pindua chungu uangalie chini. Hakina tundu? Basi jibu umelipata.

Leo nina zamiokulkasi, huu mmea wa majani mazito yanayong'aa, uliojaa kwenye mapokezi ya ofisi zetu hapa Dodoma. Watu wanadhani umetoka Ulaya. Hapana! Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya na Tanzania hii hii hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara mwaka 1996, na leo mnaununua kama mgeni.

Kuna ofisi moja iliniita. Mashina yamelegea, yamelala huku na huku. Nikauliza, nani anamwagilia? Kumbe kila mtu. Mhudumu wa usafi asubuhi, katibu muhtasi mchana anamalizia chupa yake, na bosi akichelewa kutoka naye anaongeza kwa huruma. Chungu cha kauri, cheupe, kizuri, tundu hakuna. Nilipouchomoa, mtu alikwenda kufungua dirisha kwa ile harufu. Mmea huu una viazi chini vya kuhifadhi maji, na kikiwa kizima kiazi ni kigumu. Vile vilikuwa rojo la kahawia. Ukikigusa, ngozi inakubakia mkononi. Kimoja tu kilipona. Tukakata palipooza kwa kisu safi, tukakianika kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndipo tukakipanda kwenye mchanga wenye mboji kidogo. Maji yakasubiri.

Najua mtasema: Mwalimu, Dodoma ni kame, mvua ni Desemba hadi Aprili, tusipomwagilia si utakufa? Hoja hii naisikia kila ninapokwenda, na imenichosha! Sasa vile viazi ni vya kazi gani? Porini kiangazi kikizidi, mmea unapukutisha majani na kubaki ardhini hadi mvua irudi. Mizizi nayo inapumua. Udongo ukishiba maji, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Na wale mnaojaza kokoto chini badala ya kutoboa, niambieni maji yatatokea wapi? Yanakaa pale pale.

Kwa hiyo msiniulize ni mara ngapi kwa wiki. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uyamwage yaliyobaki kwenye sahani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, mmea unakunywa polepole. Usiuongezee maji kwa sababu upepo umekukausha wewe midomo.

Maji yetu ya visima pia yana chumvi. Ukoko mweupe ulio kwenye birika lako utauona na juu ya udongo. Mvua zikianza, kinga maji ya mvua, mwagia mengi yapite yaoshe udongo. Hapo tena bila tundu hufiki popote.

Mengine haraka, naona naonyeshwa saa. Weka karibu na dirisha, lakini jua la mchana lisiupige moja kwa moja. Vumbi la kiangazi lifute kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, maana jani lenye vumbi halipati mwanga wa kutosha. Utomvu wake unawasha mdomo, kwa hiyo uwe mbali na watoto wanaotambaa. Monstera mliyoniuliza, ule mmea wa majani makubwa yenye matundu, ni ya misitu ya Meksiko hadi Panama, inataka unyevu zaidi kuliko huu mmea wa leo. Tutaipangia siku yake. Mbolea naiacha.

Waliokuja na vyungu, vileteni hapa mezani. Keekee ipo kwa vya kauri, na msumari uko kwenye jiko unapata moto. Tuanze na vya plastiki.